Kutarajia si kuwahi

Wiki iliyopita niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu maana ya neno la Kiingereza "anticipate". Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Kutarajia!" Ndivyo walivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundishwa mimi hapa hapa Pemba. Jibu hilo peke yake sitaki tena kulipokea.

Waingereza wamelitoa neno hilo kwenye Kilatini: "ante" ni kabla, "capere" ni kutwaa. Asili yake, basi, ni kulitwaa jambo kabla halijakufika. Anayetarajia aweza kukaa barazani na kikombe chake cha kahawa akangoja. Huyu wa "anticipate" amekwisha kunyanyuka.

Bibi yangu hakujua Kiingereza, lakini kitendo hicho sijaona aliyekijua kama yeye. Msimu wa karafuu ua wetu wote ulitandikwa majamvi. Karafuu ikirowa kabla haijakauka huvunda na kupoteza rangi, na jasho lote la kuchuma na kuchambua likapotea. Bibi yuko jikoni anakuna nazi, jua linawaka, sisi watoto hatuoni hata wingu. Upepo ukigeuka kidogo tu, utamsikia: "Anueni!" Tulinung'unika, tukaanua. Tukifika jamvi la mwisho, matone yanaanza. Jirani yetu naye alijua siku hizo ni za mvua, aliitarajia kama sisi, lakini mara ngapi nimemuona akikimbia uani karafuu zake zimekwisha kurowa!

Dalili ya mvua ni mawingu, twasema. Mawingu kila mtu huyaona. Bibi aliiwahi mvua.

Kuwahi: hilo ndilo neno ninalowapa wanafunzi sasa. Najua lina kazi nyingine, maana twasema pia "sijawahi kufika Unguja". Lakini ukisema umeiwahi mvua, hapana Mswahili atakayekuuliza una maana gani. Pale uwanja wa Gombani, kipa akiruka upande sahihi kabla mguu haujagusa mpira, watu husema kausoma. Kusoma nako kumo humo.

Nisiwe dhalimu kwa waliotufundisha. Waingereza wenyewe siku hizi hulitumia neno hili kwa maana ya kutarajia tu, na kamusi zao zimekubali, ingawa wapo wanaoilinda maana ya zamani. Tofauti nyingine ni ya sarufi, nayo huwaponza watoto kwenye mitihani: "expect to pass" ni sawa, "anticipate to pass" si sawa, huandikwa "anticipate passing".

Kinachonikera zaidi kiko upande wetu. "Kutarajia" tumelipata kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni matumaini. Mkulima wa mpunga hutarajia masika. Mzazi hutarajia mwanawe afaulu. Sasa nasikia kwenye taarifa za habari kwamba vifo "vinatarajiwa" kuongezeka, mafuriko "yanatarajiwa" kubomoa nyumba. Nani anayeyatumai hayo? Mwandishi ameona neno moja la Kiingereza akalibandika neno moja la Kiswahili, moyo wa neno ukabaki nje. Tuna "inahofiwa", tuna "huenda", tuna "athari zinazoweza kujitokeza". Sisi tunaovuka bahari kwenda Unguja twaijua hofu ya upepo mkali; asituambie mtu kwamba twautarajia. Nahodha anayeiacha boti gatini asubuhi hiyo, abiria wakamlalamikia huku bahari bado imetulia, huyo ameuwahi.

Baada ya kuwaeleza yote haya niliwapa kazi: kila mmoja aandike mfano wa "anticipate" kutoka nyumbani kwao, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Wengi waliandika kuhusu mitihani. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaandika kwamba mama yake hujaza madumu yote usiku, kwa sababu maji ya mfereji hukatika alfajiri na yeye ana wadogo wanne wa kuogeshwa kabla ya skuli. Kiingereza chake kilikuwa na makosa mawili. Nilimpa alama zote.