Boti ya Pili Ugiriki: Nani Ataitunza Mkiwa Hampo?

Wenye boti za tanga katika ghuba ya Chesapeake, pwani ya mashariki ya Marekani, wana tatizo la Julai. Ghuba ni kubwa, lakini kina chake kwa wastani hakifiki mita saba. Kiangazi kikikolea maji hupata joto, upepo hulala kwa siku kadhaa, na konyeza hujaa hadi watoto wakaogopa kujitosa. Wakati huohuo, ng'ambo ya Atlantiki, kwenye visiwa vya Ionian magharibi ya Ugiriki, upepo huamka kila mchana, hujaza tanga kwa saa chache, kisha jioni huwa shwari. Maji ni maangavu kiasi cha kuiona nanga ilipolala. Kuivusha boti ya nyumbani hadi huko kupitia Bermuda na Azores ni kazi ya wiki nyingi, na mzazi mwenye likizo ya wiki mbili hawezi hata kuiota. Ndipo linapozaliwa wazo la kununua boti nyingine, ikae kulekule, familia iifuate kwa ndege.

Wanaolicheka wazo hili hulicheka upesi mno. Boti ya mita 12 iliyokuwa ya kukodishwa, ikiuzwa baada ya misimu kadhaa, bei yake iko mbali sana na zile meli za matajiri tunazoziona magazetini. Ina vyumba vitatu vya kulala, jiko, choo kimoja au viwili, na injini ya dizeli iliyozoea kazi. Kuna familia nyingi za kawaida, za walimu, wauguzi na mafundi, zilizofika huko kwa kuweka akiba au kuchangia na jamaa. Swali la kama jambo hili linawezekana lilishajibiwa. La kama lina maana kwa familia yenye watoto wa shule, tena ambayo tayari ina boti nyingine nyumbani, bado.

Tuanze na daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Nitatumia tarakimu za mfano tu. Tuseme boti imenunuliwa kwa euro 80,000. Mabaharia wana kanuni wanayorithishana, kwamba boti hula kila mwaka kiasi cha asilimia 10 ya thamani yake kwa maegesho, bima, matengenezo na vipuri. Hiyo ni 8,000. Fedha iliyofungwa ndani yake ingekuwa benki au kwenye hati fungani ingezaa, tuseme, 3,200. Boti nayo hushuka thamani, weka 4,000. Jumla ni 15,200 kwa mwaka kabla hujalipia tiketi hata moja ya ndege. Kukodi boti ya ukubwa huohuo wakati wa msimu, tuseme ni 3,500 kwa wiki. Ukigawanya utaona mwenye boti anaanza kufaidi akishavuka wiki nne na siku kadhaa za kuitumia kila mwaka. Wa wiki mbili anapata hasara kubwa. Wa wiki sita, kila mwaka bila kukosa, ana hoja.

Sasa nani mwenye wiki sita? Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kutoa likizo yenye malipo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimishwa kutoa zisizopungua wiki nne. Ndiyo maana boti ya Ugiriki kwa Mjerumani anayesafiri saa tatu kwa ndege ni jambo moja, na kwa Mmarekani wa Maryland, jimbo la Chesapeake, anayevuka bahari hadi Athens kisha akapanda basi la saa tano au zaidi kwenda Preveza, mji wa bandari kwenye Ionian, ni jambo jingine kabisa. Mwalimu mwenye likizo ndefu ya kiangazi ana nafasi. Anayefanya kazi kwa kompyuta popote alipo anaweza kujaribu, ingawa nina mashaka na mkutano wa video unaofanywa ndani ya boti yenye watoto watatu na jua la Agosti juu ya sitaha.

Hata hivyo daftari haliwezi kusema kila kitu, na hapa wanaonunua wana hoja ambayo wapinzani wao huipuuza. Boti za kukodi huko kwa kawaida hutolewa Jumamosi na kurudishwa Jumamosi. Siku ya kwanza inaishia kwenye kuhesabu uma na maboya ya kujiokolea, kuweka dhamana na kwenda sokoni. Jioni ya mwisho lazima muwe mmekwisha rejea gatini. Katikati mna siku tano za kweli. Mtoto wa miaka saba halali kwenye kitanda chake, hakuti kitabu alichokiacha, wala hajui droo ya pipi iko wapi. Kwenye boti yenu hayo yote yapo. Mtoto aliyerudi Kioni au Vathy, bandari za kisiwa cha Ithaca, kwa mwaka wa nne anajulikana na mwenye hoteli, anajua jiwe la kuruka kutoka juu yake, na anaanza kushika usukani bila kuambiwa. Familia inaweza kukaa siku tatu kwenye hori moja kwa sababu tu hakuna anayetaka kuondoka. Uenyeji wa namna hii haukodishwi kwa wiki.

Lakini wanaotaka boti ya kukodi nao wana jibu zuri, ambalo ni pampu ya choo. Ikiharibika kwenye boti ya kampuni, unapiga simu na fundi anakuja. Ikiharibika kwenye boti yako, fundi ni wewe, na likizo yako ndiyo karakana. Wanaomiliki boti mbali na nyumbani wanajua kwamba siku za mwanzo wa kila safari ni za betri zilizokufa, ukungu kwenye magodoro na bomba linalovuja. Mwenye wiki mbili anapoteza sehemu kubwa ya alichokilipia.

Kuhusu miezi ambayo hampo, ndipo shauri lote lilipo. Aktio, ng'ambo ya Preveza, kuna yadi kubwa ambako boti hupandishwa nchi kavu Oktoba na kusimamishwa juu ya vigingi safu kwa safu hadi majira ya kuchipua. Nchi kavu si salama kama wengi wanavyodhani. Jani moja likiziba tundu la kutolea maji ya sitaha, mvua ya Desemba itajaa, itapenya na kushuka ngamani, na boti itazama kwa ndani ikiwa imesimama ardhini. Jua hula raba za madirisha. Zile injini ambazo mguu wake wa rafadha hupita chini ya boti zina utando wa raba ambao watengenezaji hutaka ubadilishwe kila baada ya miaka kadhaa. Wengine hutaja saba. Waya zinazoshika mlingoti zikifikisha miaka kumi hadi kumi na tano, kampuni ya bima itauliza lini zitabadilishwa. Kila mwaka chini ya boti hupakwa rangi yenye shaba, kazi ambayo wazee wa majahazi waliifanya kwa deheni.

Msomaji aliyeko Minneapolis au Muscat, anayejenga nyumba Tanga au Mombasa kwa simu, anaifahamu hali hii bila kufundishwa. Picha za WhatsApp huonyesha rangi mpya, hazionyeshi unyevu ulio nyuma ya rangi. Anayeamua ujenzi uende vipi ni msimamizi: anakwenda mwenyewe au anamtuma mtu, anasema ukweli kuhusu ufa au anaunyamazia. Kwa boti ni hivyohivyo. Kabla ya kuuliza bei ya boti, ningeuliza bei ya mtu wa kuifungua kila wiki mbili, kunusa ndani, kuwasha pampu na kuandika alichokiona. Fedha hiyo watu hupenda kuibana, na kuibana ni kosa.

Mwaka 2020 ulionyesha umbali maana yake nini. Machi, Umoja wa Ulaya ulifunga mipaka yake ya nje kwa sababu ya Uviko. Julai ulipoanza kufungulia baadhi ya nchi, Marekani haikuwemo. Kisha katikati ya Septemba dhoruba iliyopewa jina Ianos ikapiga visiwa vya Ionian, Kefalonia, Ithaca na Zakynthos, na boti nyingi zikatupwa ufukweni au kuzama. Mmarekani mwenye boti huko hakuwa na ruhusa ya kwenda kuongeza kamba wala kwenda kuokota kilichobaki. Mwenye mtu wa kuaminika alikuwa na mikono pale. Asiye naye alikuwa na simu tu.

Kuna pia sheria, na nitazipitia haraka kwa sababu si ngumu zikisomwa mapema. Boti iliyosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya na ambayo mwenyewe anaishi nje huruhusiwa kukaa ndani kwa miezi 18 bila kulipiwa VAT, ambayo Ugiriki ni asilimia 24. Ikitoka, hata kwa kuvuka mlango wa bahari kutoka Corfu hadi Sarandë ya Albania au kutoka Kos hadi Bodrum ya Uturuki, na taratibu zikafuatwa, saa yake inaanza upya. Watu nao wana saa yao: Mmarekani huruhusiwa kukaa eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, siku 90 katika kila siku 180. Waingereza wameingia kwenye hesabu hiyo tangu 2021. Matokeo yake yanachekesha kidogo. Aliye na nafasi ya kuitumia boti vya kutosha, yaani mstaafu, ndiye anayefukuzwa na kalenda. Asiyefukuzwa ni yule wa wiki mbili, ambaye boti haimlipi. Tena anayedhani atatatua yote kwa pasipoti ya Ireland, nchi ya Umoja wa Ulaya, aliyoipata kupitia bibi yake, akumbuke kwamba saa ya boti inaangalia mwenyewe anaishi wapi, haiangalii pasipoti.

Hoja ambayo sioni ikipewa uzito wake ni ile ya neno "pili". Chesapeake na Ionian zina msimu mmoja. Kila wiki inayokwenda Ugiriki inatoka kwenye wiki za boti ya nyumbani, ambayo nayo inadai gati, bima na rangi yake. Baada ya miaka michache moja kati ya hizo mbili inakuwa yatima, na kwa kawaida ni ile iliyo karibu, maana ya mbali imegharimu tiketi na inaonewa huruma. Kwa maoni yangu, familia iliyoamua kununua ng'ambo iuze ya nyumbani, au ibaki na kiboti kidogo cha kuvutwa kwa trela.

Anayetaka boti mbili zisizogombana kwa kalenda angeangalia Karibi. Msimu wa huko ni kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, wakati boti ya Chesapeake iko nchi kavu. Kwenye karatasi mpango umetimia. Kwenye maisha ya shule, miezi hiyo ina mapumziko ya Krismasi na ya Pasaka tu, wakati nauli za ndege ziko juu. Kisha kuna vimbunga, ambavyo msimu wake rasmi ni Juni 1 hadi Novemba 30. Kwa miaka mingi Grenada ilihesabiwa kuwa kusini ya kutosha, hadi Ivan ilipoipiga Septemba 2004. Wengi waliamini hiyo ilikuwa ajali ya nadra. Julai 1, 2024 Beryl ikapita juu ya Carriacou, kisiwa kilicho sehemu ya Grenada, na boti zilizokuwa zimejificha kwenye mikoko ya Tyrell Bay, mahali palipoaminika kuwa maficho, zikaharibiwa kwa wingi. Bima ya huko haisomwi kwa kupitisha macho.

Njia za kati zipo. Kuna kununua kupitia kampuni inayoikodisha boti yako kwa wengine kwa miaka mitano au sita na kukuachia wiki chache. Hilo laweza kuwa uwekezaji, lakini si boti ya familia, kwa sababu droo ya pipi ni ya wageni. Kuchangia familia tatu napenda zaidi: gharama inashuka, macho yanaongezeka, na fundi mmoja kati ya wazazi sita hupatikana. Tatizo lake ni wiki mbili za mwisho za Julai, ambazo zote tatu zitazitaka, na hilo liandikwe kabla ya fedha kutolewa, pamoja na bei ya kumlipa atakayejitoa.

Kwa familia yenye watoto wa miaka sita hadi kumi na mbili na likizo isiyofika wiki tano, mimi ningekodi, na ningekodi hapohapo Ionian kila mwaka, kwa kampuni ileile ikiwezekana. Sehemu kubwa ya uenyeji hujengwa na mahali, na mahali panaweza kurudiwa bila kumiliki chombo. Kwa wenye wiki sita, mtu wa kuaminika Aktio na moyo wa kuiuza ya nyumbani, ningesema nunueni, ila mjue mlango wa kutokea uko wapi. Boti iliyoingia kwa ile ruhusa ya miezi 18 haiuzwi kwa mkazi wa Umoja wa Ulaya hadi VAT ilipwe, kwa hiyo wanunuzi wenu ni wageni wenzenu, au ni wakazi wa Umoja huo watakaoikata asilimia 24 kwenye bei. Tena mtakuwa mkiuza karibu wakati uleule na wengine wote ambao watoto wao wamefika miaka kumi na sita na kutaka kubaki nyumbani na marafiki.