Kuhamia Tanga na Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu: Bweni la Mbali au Shule ya Jirani?

Familia nyingi zinazohamia Tanga hufuata kazi: mtumishi wa umma aliyepewa uhamisho, fundi aliyepata ajira bandarini, au mtaalamu wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kwa kilomita 1,443 hadi Chongoleani, pwani ya Tanga. Kwa kawaida nyumba hutafutwa kwanza, kisha mtoto huandikishwa katika shule iliyo jirani nayo. Mtoto akiwa na mahitaji maalumu, utaratibu huo unapaswa kugeuzwa, kwa sababu shule zenye walimu waliosomea elimu maalumu hazipo katika kila kata, ilhali nyumba za kupanga zinapatikana Makorora, Mabawa, Chumbageni na hata Pongwe.

Swali linalofuata ni gumu zaidi, nalo huwagawa wazazi na hata walimu wenyewe. Je, mtoto apelekwe shule maalumu ya bweni, ingawa iko mbali na mji, au asome katika shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu na kurudi nyumbani kila jioni?

Wanaotetea bweni wana hoja nzito. Katika mkoa huu ipo Shule ya Wasioona Irente, wilayani Lushoto, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Katika shule ya namna hiyo nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole, ni sehemu ya maisha ya kila siku, wala haitegemei mwalimu mmoja anayeweza kuhamishwa wakati wowote, na mtoto hujifunza pamoja na wenzake kutembea kwa fimbo nyeupe, kufua nguo zake na kujitegemea. Kwa mtoto kiziwi hoja hii huwa na nguvu maradufu. Lugha haipatikani kwa vipindi vya darasani peke yake. Mtoto huiokota wakati wa kula, uwanjani na katika ugomvi wa kugombea mpira. Kiziwi aliye peke yake miongoni mwa wanaosikia, hata akikalishwa dawati la mbele, hukosa masomo na hukosa lugha yenyewe, na ikiwa nyumbani hakuna anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, basi hana mahali popote pa kuipata. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imelitambua jambo hili: kifungu cha 27 kinataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu.

Hata hivyo, ni muhimu kukumbuka kwamba sheria hiyo imeiweka shule ya kawaida kuwa kanuni na shule ya aina nyingine kuwa mbadala, na kwa familia inayohama naona sababu ya ziada ya kufuata mpangilio huo. Mtoto aliyehama amekwisha kuwapoteza marafiki, mwalimu na njia alizozizoea. Akipelekwa bweni mwezi huohuo, anawapoteza na wazazi. Safari ya kutoka Tanga mjini hadi Lushoto hupitia Segera, Korogwe na Mombo kabla ya kupanda milima ya Usambara, na mzazi mwenye kazi ya zamu hawezi kuifanya kila mara. Kwa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili asiyeweza kueleza kwamba amepigwa, ameumwa au hajala, umbali huo unanitia hofu kubwa, na simshauri mzazi yeyote aukubali mtoto angali mdogo. Vivyo hivyo kwa mwenye kifafa anayehitaji dawa kwa saa maalumu, au mwenye mgongo wazi anayetumia katheta (mrija wa kutolea mkojo): ni vigumu kumtegemea mlezi mmoja wa bweni lenye watoto wengi akumbuke yote hayo. Mjini, pamoja na shule, kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na ardhi yenyewe ni tambarare, kiasi kwamba kiti cha magurudumu kinasukumika katika barabara za Ngamiani kwa namna isiyowezekana kwenye miteremko ya Lushoto.

Udhaifu wa shule ya jirani haupaswi kufichwa. Mahali pengine ujumuishi ni wa jina tu: mtoto ameandikishwa, amekaa nyuma ya darasa lililofurika, na hakuna anayejua kama ameelewa. Kwa hiyo mzazi asiridhike na kuambiwa kwamba shule ina kitengo. Afike siku ya masomo na aulize ni mwalimu gani amesomea elimu maalumu, pengine katika Chuo cha Ualimu cha Patandi, na akihamishwa nani atashika nafasi yake. Aingie chooni na kuona kama mlango unapitisha kiti cha magurudumu. Mwenye mtoto mwenye ualbino atazame kama kuna kivuli wakati wa gwaride, kwa maana jua la pwani ni kali, na kama mtoto ataruhusiwa kuvaa kofia na kukaa karibu na ubao. Aangalie pia kama watoto wa kitengo hucheza na wenzao wakati wa mapumziko au hufungiwa chumba chao.

Kuhusu nyaraka, barua ya uhamisho, namba ya PREM (inayomtambulisha mwanafunzi katika mfumo wa kumbukumbu za shule za msingi) na taarifa ya upimaji wa mtoto ni za lazima. Lakini mwalimu mpya atanufaika zaidi na simu ya mwalimu wa zamani anayejua kinachomtuliza mtoto na namna anavyoomba kwenda haja.

Wakati mzuri wa kuhama ni likizo ya Desemba, kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Isipokuwa mtoto awe Darasa la Saba. Mahitaji yake ya mtihani, kama vile nukta nundu, maandishi makubwa au muda wa ziada, huombwa kupitia shule iliyomsajili, na kuihama shule hiyo katikati ya mwaka ni kuyaweka hatarini. Mtoto huyo ni afadhali abaki na shangazi au bibi anayemfahamu vizuri hadi amalize mtihani mwezi Septemba, ndipo awafuate wazazi wake Tanga.