Ngoma na maji: sanaa inaweza kuifufua Aral?

Chukua Ziwa Victoria lote, Mwanza mpaka Entebbe, Bukoba mpaka Kisumu, halafu likaushe. Mwaka 1960 Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa lililozungukwa na nchi kavu kati ya Uzbekistan na Kazakhstan, ilikaribia sana ukubwa wa Victoria: kilomita za mraba zipatazo 68,000. Kufikia 2007 ilikuwa imebaki kama sehemu moja ya kumi. Sisi tuliokulia jirani na mwalo, tuliozoea kuamshwa na kelele za wachuuzi wa dagaa, inabidi tujaribu kufikiria asubuhi ambayo unafungua mlango na maji yako zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo ulipo. Ndivyo ilivyo Moynaq, mji wa upande wa Uzbekistan uliokuwa bandari ya uvuvi.

Picha za Moynaq umeshaziona, hata kama jina hulijui. Safu ya meli za kuvulia zimekaa juu ya mchanga, kutu imezila mpaka ubavu wa ndani unaonekana, na mabati yamejaa majina ya wageni waliopita wakayaandika. Vichaka vimeota pale palipokuwa na kina. Meli hizo hazikukwama zote mahali pamoja, kama picha zinavyodanganya. Zilikusanywa na kupangwa chini ya ukingo wa zamani wa bahari, nyingine zikakatwa zikauzwa chuma chakavu. Kwa maneno mengine, kabla msanii yeyote hajafika, msiba wenyewe ulikuwa umeshapangwa kama maonyesho.

Chanzo hakina fumbo. Umoja wa Kisovieti ulitaka pamba, na pamba ikapandwa jangwani. Mito miwili inayoilisha Aral, Amu Darya na Syr Darya, ikachepushwa kwenda mashambani kwa mifereji mirefu, mingi ikiwa ya udongo mtupu, maji yakipotelea njiani. Mmoja tu, mfereji wa Karakum ulioanza kuchimbwa mwaka 1954, una urefu unaozidi kilomita 1,300. Bahari ilipoanza kurudi nyuma, chumvi ikapanda na samaki wakafa. Kiwanda cha samaki wa makopo cha Moynaq hakikufungwa mara moja. Wakubwa waliagiza samaki waliogandishwa kutoka bahari za mbali ili wafanyakazi wapate cha kutia makoponi. Sijui nicheke au nilie. Leo sakafu ya bahari ni jangwa jipya linaloitwa Aralkum, na upepo ukivuma unabeba chumvi pamoja na masalia ya viuatilifu vya mashamba ya pamba hadi vifuani mwa watu.

Sasa imeletwa dawa nyingine. Mwaka 2018 vijana wa Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, walianzisha tamasha la muziki wa elektroniki liitwalo Stihia, pale pale penye meli za Moynaq, na maelfu wakasafiri kwenda kucheza jangwani. Aprili 2025 taasisi ya serikali ya Uzbekistan inayosimamia maendeleo ya sanaa na utamaduni ikaitisha mkutano wa kwanza wa utamaduni wa Aral katika mji wa Nukus, makao makuu ya Karakalpakstan, jamhuri iliyo ndani ya Uzbekistan, ukikutanisha wasanii, wabunifu, wasanifu majengo na wataalamu wa mazingira. Hoja yao ni kwamba eneo hili limehesabiwa kama marehemu kwa muda mrefu mno, na mahali panaposemwa pamekufa hapawekezi mtu, wala kijana hakai. Sanaa ipabadilishie jina kwanza.

Wepesi wa kucheka wasicheke haraka. Nukus yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1950 mchoraji aitwaye Igor Savitsky, mzaliwa wa Kyiv, alifika huko na msafara wa wanaakiolojia waliokuwa wakichimba magofu ya Khorezm, ufalme wa kale wa eneo hilo. Kazi yake ilikuwa kuchora vilivyofukuliwa. Msafara ulikwisha, yeye akabaki. Akawa anazunguka vijijini akiomba na kununua vitu ambavyo wenyewe walikuwa wanakaribia kuvitupa: mazulia, vito vya fedha, mapambo ya mahema ya duara ya wafugaji, na kiymeshek, vazi la kichwani la mwanamke wa Kikarakalpak linaloshuka mpaka mgongoni. La bibi harusi ni jekundu na limetariziwa kifuani mpaka kitambaa hakionekani. La bibi mzee ni jeupe. Kuna waliomwona kama mwokota takataka. Mwaka 1966 alifungua makumbusho, kisha akaanza kuvusha humo michoro ya wasanii ambao Moscow haikutaka kuwasikia, waliokufa maskini au waliopotelea kwenye kambi za wafungwa. Nukus ilikuwa mbali mno kiasi kwamba wakaguzi hawakujisumbua. Savitsky alifariki 1984. Makumbusho yake ina zaidi ya vipande 80,000, na ndiyo inayomtoa mgeni Ulaya akapande ndege hadi mji ambao vinginevyo asingeutamka.

Angalia miaka hiyo. Makumbusho ilifunguliwa wakati maji yanapungua. Bahari ilipokuwa inakauka, kuna kitu kimoja katika eneo lile kilichokuwa kinajaa. Mwanamke wa Nukus anayetaka leo kushona na kuuza kazi ya mkono hana haja ya kubuni asili yake. Nakshi ziko kabatini, atakwenda kuziangalia. Hilo halikuletwa na mradi wa miaka mitatu wala ripoti ya mshauri. Lililetwa na mtu mmoja king'ang'anizi aliyekaa.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo iko kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Kazakhstan haikuanza na ngoma. Mapema miaka ya 1990 watu wa upande ule walijenga tuta la mchanga kuzuia maji ya Syr Darya yasitorokee kusini. Likabomoka, wakajenga tena, likabomoka. Mwaka 1999 dhoruba ililizoa kabisa. Lakini katika miaka michache liliposimama, maji yalipanda na samaki wakaonekana, na ndipo Benki ya Dunia ilipoamini. Tuta la kudumu la Kokaral, la kilomita zipatazo 13, likakamilika 2005 katika mradi uliogharimu takriban dola milioni 86. Maji yalipanda kwa kasi kuliko wahandisi walivyotabiri. Kabla ya hapo samaki aliyebaki wa kuvuliwa alikuwa yule bapa anayevumilia chumvi, aliyeletwa kutoka kwingine. Baada ya hapo wale wa maji baridi wakarudi kutoka mtoni. Mavuno ya samaki yalitoka tani zisizofika 1,500 katikati ya miaka ya 2000 yakazidi tani 7,000 mwaka 2016. Hakuna tamasha lililofanya hivyo.

Kwa hiyo mkosoaji anauliza swali la haki: kwa nini kusini wapewe sanaa na kaskazini wapewe maji? Jibu la kweli ni gumu kidogo kuliko swali. Kaskazini ni kipande kidogo, kinaweza kuzibwa na tuta moja. Kusini ni kupana, kuna kina kifupi, na Amu Darya inanywewa na nchi kadhaa kabla haijafika. Tangu 2022 Afghanistan inachimba mfereji wa Qosh Tepa, wa kilomita 285, utakaochota sehemu kubwa ya mto huo huo. Wanaoijua hali hii hawaahidi tena kwamba Moynaq itarudi kuwa bandari. Wanapanda saksauli, mti mfupi wa jangwani wenye mizizi ya kwenda chini, ili ushike mchanga na chumvi isipeperuke. Uzbekistan ilianza kampeni kubwa ya kuupanda mwishoni mwa 2018, matrekta yakichora mifereji myembamba juu ya sakafu ya bahari na ndege zikimwaga mbegu. Kazi hiyo ni ya maana. Ila kuna wakati naona neno "ufufuo" likitumika pale ambapo kinachofanyika ni kuzoea, na sanaa ni hodari sana wa kutufanya tusione tofauti hiyo.

Lipo pia jambo ambalo mabango ya sherehe hayaligusi. Julai 2022 watu wa Nukus waliingia mitaani kupinga mabadiliko ya katiba yaliyotaka kuondoa haki ya Karakalpakstan kujitenga na Uzbekistan. Watu 21 walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe, na mabadiliko hayo yakarudishwa kabatini. Januari 2023 mwanasheria na mwandishi wa habari Dauletmurat Tajimuratov alihukumiwa kifungo cha miaka 16 kwa kuhusishwa na maandamano hayo. Miaka isiyofika mitatu baada ya vifo hivyo, mji ule ule ukawa mwenyeji wa mkutano wa utamaduni unaozungumzia matumaini. Sisemi mkutano ulikuwa hila. Wapo waliofanya kazi humo kwa moyo safi, wakiwemo Wakarakalpak. Nasema utamaduni unaoruhusiwa kutarizi lakini hauruhusiwi kulalamika ni nusu ya utamaduni. Na kwa eneo lililoharibiwa na uamuzi uliotoka mbali bila wenyeji kuulizwa, nusu iliyokosekana ndiyo ilikuwa dawa yenyewe.

Mfano wa Japani unanisaidia hapa. Katika kisiwa cha Teshima kampuni moja ilimwaga taka za viwandani kinyume cha sheria kwa miaka mingi, zaidi ya tani 900,000. Wakazi, wengi wao wazee, walipigana na mamlaka ya mkoa hadi mwaka 2000 mkoa ukakubali makosa na kuahidi kuziondoa. Miaka kumi baadaye, 2010, yalifunguliwa Makumbusho ya Sanaa ya Teshima, kazi ya msanii Rei Naito na msanifu Ryue Nishizawa: ganda jeupe la zege lisilo na nguzo, limeachwa wazi juu, na sakafuni vitone vya maji vinachomoza kimoja kimoja, vinateleza, vinakutana, vinakuwa dimbwi. Unavua viatu, unakaa chini, unatazama maji. Meli za taka ziliendelea kutoka kisiwani mpaka 2017, maana yake sanaa haikungoja usafi uishe. Lakini ilikuta hati imeshasainiwa. Mgeni anayetazama vile vitone hapambwi ili asahau kitu, kwa sababu kitu hicho kimeshaandikwa na aliyekosa amekiri.

Hata kwetu Lamu kuna somo dogo la namna hiyo. Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa ndala za rangi zote, lilishushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Halikusafisha Bahari ya Hindi. Lakini mafundi wa majahazi walioliunda ni wale wale wanaoishi ufukweni, na malighafi yake ilikuwa uchafu wenyewe.

Kwa hiyo nasimama wapi? Hoja ya kwamba sanaa haileti maji ni ya kweli, lakini inasahau jinsi maji ya kaskazini yalivyokuja. Kabla ya Benki ya Dunia kulikuwa na tuta la mchanga, na kabla ya tuta kulikuwa na watu ambao hawakuhama, wenye ukaidi wa kujenga kitu kilichobomoka mara ya kwanza na ya pili. Watu hawabaki penye vumbi la chumvi kwa sababu ya takwimu. Wanabaki kwa sababu ya kaburi la mama, lugha, harusi, namna fulani ya kupika samaki. Utamaduni ndio unaowashika. Hapo sanaa ina kazi ambayo mhandisi hawezi kuifanya: kuwapa watu sababu ya kuwepo bado siku maji yatakapogawanywa, ili wadai fungu lao. Ikifanya hivyo, hata muziki wa kompyuta jangwani nauunga mkono, majenereta na yote. Ikigeuka kuwa njia ya wageni kupiga picha za kutu na kurudi Tashkent kabla Jumatatu haijafika, basi Savitsky ameshafanya zaidi ya hayo, tena peke yake.

Kuna kipimo ambacho ningependa kitumike mkutano kama ule wa Nukus utakapoitishwa tena. Vijiji vya Asia ya Kati vina mtu aitwaye mirabu, mgawa maji, anayejua kila mfereji umefunguliwa lini na shamba la nani limekunywa. Awekewe kiti jukwaani, katikati ya wabunifu, na aulizwe mbele ya kamera ni maji kiasi gani yamepita mbele yake mwaka huo, yamekwenda kwenye pamba ya nani, na yaliyofika Moynaq ni kiasi gani. Akishajibu, washa spika.