Mbivu za Dragons hatujaziona

Mwandishi wa makala moja anatusihi mashabiki wa St George Illawarra Dragons, klabu ya raga ya Australia, tuwe na subira. Mvumilivu hula mbivu, lakini sisi tunangoja tangu ubingwa wa 2010, tulipoifunga Sydney Roosters 32-8 katika fainali. Katika raga ya wachezaji 13, timu huruhusiwa kukabwa mara sita kabla ya kukabidhi mpira. Yetu hutumia nafasi tano kumtuma fowadi mmoja mmoja kugonga ukuta katikati ya uwanja, kisha hupiga teke la juu na kuomba dua. Mchezo huo ulikuwa na maana zamani, lakini tangu 2020, NRL, ligi kuu ya raga hiyo nchini Australia, ilipoamua kwamba makosa mengi ya kuchelewesha mpira baada ya mchezaji kukabwa yaadhibiwe kwa kuanza upya hesabu ya kukabwa mara sita badala ya penalti, walinzi huchoka mapema, na anayenufaika ni yule anayeuhamisha mpira haraka hadi kwa mawinga. Mafowadi siwalaumu, wanacheza walivyofundishwa. St George ya kale, kabla ya kuungana na Illawarra, ilitwaa mataji 11 mfululizo, 1956 hadi 1966, na nadhani benchi letu la ufundi bado linaishi katika enzi hiyo.