Bodi 74 za Shemeji

Wengine hugombana na mashemeji zao kwa ajili ya shamba au mahari. Bosi wangu aligombana na wake kwa ajili ya msimbo wa kusahihisha makosa.

Tunatengeneza zile mashine za kutoa namba za foleni. Bodi mia moja tulizinunua kwa shemeji yake mwenye duka Kariakoo, bodi za zamani zenye chipu za familia ya OMAP3 na kumbukumbu ya NAND, bei ya kindugu. Kazi yangu ilikuwa kuondoa kerneli kuukuu ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kuweka mpya.

Kwa asiyeijua NAND, hiyo ni kumbukumbu inayosahau, na watengenezaji wenyewe hawafichi. Kwenye chipu zetu kila ukurasa wa baiti 2048 una baiti 64 za pembeni, na humo ndimo draiva, programu inayoendesha kumbukumbu hiyo, huweka hesabu za kufichua biti zilizogeuka. Hamming, msimbo wa kizamani, huokoa biti moja tu kwa kila fungu. BCH8, msimbo wenye nguvu zaidi, huokoa biti nane katika kila baiti 512. Kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya OMAP3 hupiga hesabu ya BCH8 chenyewe, ila kikishajua kuna kosa, kazi ya kutafuta liko wapi kinamtupia prosesa. Maafisa wa namna hiyo tunao wengi.

Sasa, U-Boot, programu inayoamka kwanza na kuiita kerneli, ilikuwa imeandika mfumo wote wa mafaili kwa Hamming, na kerneli mpya ikaja kuusoma kwa BCH8. Draiva ilijitangaza vizuri kabisa kwamba inatumia BCH8, mstari mmoja, ukapanda juu ya skrini ukapotea. Data ilikuwa safi, lakini hesabu za pembeni hazikulingana hata kidogo. UBI, sehemu ya kerneli inayosimamia NAND, ikaanza kulia: kosa -74, kosa -74, kosa -74, skrini nzima.

Bosi alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Hiyo kutoa sabini na nne ni nini?"

"Namba ya kosa tu, Bosi. Maana yake ni kwamba..."

Hakusubiri maana yake. Bosi ni mhasibu mstaafu. Ukimwonyesha alama ya kutoa, yeye anaona hasara. "Katika mia, sabini na nne mbovu! Huyu mtu kaniuzia takataka!" Akachukua funguo za gari. Kitumbua kikabaki mezani kimeng'atwa upande mmoja.

Nilipofika Kariakoo na kompyuta kwapani, watu walishajaa.

"Shemeji, mimi nimeoa dada yako, sikuoa utapeli!"

"Shemeji, nakuheshimu sana. Umejaribu bodi ngapi?"

"Moja."

"Na hizo sabini na nne umezijuaje?"

"Mashine imesema!"

Machinga mmoja wa soksi akatua mzigo wake chini. "Imesema kwa mdomo, mzee?"

Nikaomba bodi moja na sehemu ya kukaa. Nilipewa kaunta, juu ya makava ya simu. Nikachomeka waya wa siriali, nikaisimamisha U-Boot, nikaandika nandecc hw bch8, nikafuta eneo la mfumo wa mafaili peke yake na kuliandika upya kutoka kwenye kadi. Sehemu ya mwanzo sikuigusa, maana ROM ya chipu, programu ya kudumu inayoanza kuiwasha bodi, huisoma kwa Hamming, na ukiigeuza bodi haiwaki tena. Hapo ndipo ningeuawa mimi.

Bodi ikawaka kimya, bila kosa hata moja. Waliokuja kutazama ngumi walisikitika waziwazi. Machinga akabeba soksi zake akaondoka bila kuaga.

"Kwa hiyo ni nzima?" Bosi akauliza kwa sauti ya chini.

"Nzima, Bosi."

"Na zile sabini na nne?" akauliza shemeji, akifuta kaunta taratibu mahali palipokuwa safi.

Bosi hakujibu. Alipofika nyumbani, habari ilishamtangulia, na mkewe, Mama Zubeda, akamwekea wali mkavu, mchuzi hakuna, akaenda zake kulala.

Oda iliyofuata tulinunua kwa shemeji yuleyule. Bei ya bodi haikupanda hata senti. Chini ya risiti tu palikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko mzuri wa mkono: usumbufu wa shemeji, shilingi 74,000.