Ile ahadi ya kumwona nyangumi ifutwe

Tiketi niliyonunua Tromsø, kaskazini mwa Norwe, ilikuwa na sentensi moja iliyonivutia kuliko picha zake zote: usipoona nyangumi, unapanda tena bure. Mimi mtu wa pwani, niliyezoea kuvutana bei hata ya fungu la mchicha, nikaona hapa sipotezi kitu. Leo natamani sentensi hiyo ifutwe kwenye kila tiketi ya huko Aktiki.

Nyangumi hawaendi kule kutuona sisi. Wanafuata heringi, samaki wa mafuta wanaoingia kwa makundi makubwa kupitisha majira ya baridi ndani ya mahori, zile ghuba nyembamba zinazoingia kati ya milima. Kwa miaka kadhaa heringi hao walikuja karibu kabisa na Tromsø. Tangu 2017 hivi wamehamia kaskazini-mashariki, upande wa Skjervøy na Kvænangen, na boti za Tromsø zikalazimika kuwafuata, saa tatu au zaidi kwenda tu. Na mwanga? Mwishoni mwa Novemba jua huaga, lisionekane tena mpaka katikati ya Januari. Kinachobaki ni weupe wa kibuluu kwa saa chache za mchana. Kwa hiyo boti zote zinafika mahali pamoja, saa ileile, kwa nyangumi walewale, na kila nahodha amebeba abiria walioahidiwa.

Siku ile tuliwakuta orka, wale weusi wenye mabaka meupe. Walikuwa kazini. Orka hulizunguka kundi la heringi, hulisukuma juu mpaka likajikunja kama mpira, kisha hulichapa kwa mkia na kuwaokota waliozimia. Kazi hiyo huenda kwa kuitana, na sauti majini hukimbia mara nne na ushei ya kasi yake hewani. Sasa ongeza injini za boti saba. Nahodha wetu alipunguza mwendo vizuri tu, mpaka mtu nyuma yangu akasema kwa sauti, "Simu yangu haiwapati." Tukasogea. Boti jirani nayo ikasogea. Mapezi yakazama yote kwa pamoja, tukabaki kutazamana sisi kwa sisi.

Nikakumbuka Kizimkazi, kule Unguja, pomboo wanavyozingirwa asubuhi na wageni wakihimizwa ruka, ruka! Tofauti ilikuwa ovaroli za baridi tulizovaa tu.

Mtasema ziwekwe sheria za umbali. Ziwekwe. Kanada imeweka mita 100 kwa nyangumi wengi. Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo mbali zaidi kaskazini, tangu Januari 2025, dubu hasogelewi chini ya mita 300, na kuanzia Machi mpaka Juni ni mita 500. Norwe pia huzikataza boti za utalii kuzisogelea meli zinazovua, jambo la maana sana, kwani nyangumi wameshazijua meli hizo na huja wenyewe kula kando ya nyavu. Lakini kwenye hori lenye giza nani anashika futi? Ni nahodha, na nahodha macho yake yapo kwa nyangumi, masikio yake yapo kwetu. Abiria aliyeuziwa uhakika hudai uhakika, kwa hiyo simlaumu nahodha peke yake. Mimi mwenyewe sikumwambia asisogee.

Siku mbili baadaye nilipanda boti nyingine, ghali zaidi, ambayo ikikaribia huendeshwa kwa umeme. Waliniambia kabla sijalipa: hatuahidi kitu. Nahodha alisimama mbali, akazima mota, tukangoja. Nilikuwa nimeanza kuvilaani vidole vyangu nyangumi mwenye nundu alipoibuka mwenyewe, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Pumzi yake ilitoka kama tairi la lori linalotolewa upepo. Harufu, samahani, ni soko la samaki saa kumi jioni. Huyu hula heringi kujiwekea mafuta ya safari ya mpaka Bahari ya Karibi, kwenye mazalia yao, ambako hali karibu chochote. Akikatizwa mlo kwa ajili ya picha yangu, gharama hiyo anaibeba yeye njia nzima.

Alikaa alivyotaka, akaondoka alivyotaka. Picha niliyopata ni ya mgongo, imetikisika, haina kichwa wala mkia. Nilipoituma kwenye kundi la familia, shangazi aliuliza kama lile ni jiwe.