Daraja la Monnow: kulifungia magari si kuliua

Tangu 2004, daraja la kale la mawe mjini Monmouth, Wales, halipitishi magari. Daraja jipya lilijengwa karibu nalo juu ya Mto Monnow, na la zamani likaachiwa waenda kwa miguu. Wapo wanaosema hapo ndipo lilipokufa: kazi ya daraja ni kuvusha, na lisilovusha mzigo limebaki pambo la kupigia picha. Hoja yao ina uzito. Tangu mwaka 1272 hivi bidhaa za soko zilivuka hapo, na mwenye duka yeyote hutaka njia ipite mlangoni pake.

Ila wanausahau mnara. Juu ya daraja lenyewe, kati ya ng'ambo na ng'ambo, umesimama mnara wa lango, na Uingereza nzima hakuna daraja jingine la mto lililobaki na mnara wa namna hiyo. Haukujengwa ili watu wapite upesi. Mwishoni mwa karne ya 13 mji uliruhusiwa kutoza ushuru wa kujengea kuta zake, na langoni ndipo mwenye mzigo aliposimamishwa. Simama chini ya tao uangalie juu: mfuo uliochongwa kwenye jiwe, ambamo wavu wa lango ulipandishwa na kushushwa, bado upo. Wembamba wa njia hiyo ndiyo kazi yake.

Mei 1982 basi la ghorofa liliugonga mnara huo, na daraja likafungwa mwezi mzima kwa matengenezo. Mwezi mzima! Usukani unateleza mara moja tu, na kivuko kilichohudumia mji kwa miaka 700 kinakatika. Safari ile mnara ulibaki umesimama. Je, ungegongwa tena? Fundi hodari anaweza kurudisha umbo la ukuta, lakini jiwe lililochongwa na mikono ya wakati ule hana pa kulitoa. Lango halikupungua hata inchi moja; yaliyonenepa ni magari.

Tena kuna hili. Katika karne ya 19 mnara ulitobolewa vijia ubavuni, waenda kwa miguu wapenye huko huku magari ya farasi yakishika tao la katikati. Leo anayetoka sokoni na kikapu chake hupita katikati.